Aliyesimama Nyuma ya Benchi

Mume wangu mtaani wanamwita Nguzo. Si jina alilopewa na mama yake, na mimi nikiwa na hasira simwiti hivyo. Aliyempa jina hilo ni mdogo wangu wa kiume, ambaye naye watu wanamwita Kocha. Mmoja nimezaa naye, mwingine nilimbeba mgongoni wakati meno ya utoto hayajaniisha kinywani. Naeleza habari zao wote wawili kwa sababu nimekasirika, na hasira yangu bado haijajua imwangukie nani kwanza.

Nilipokutana na mume wangu alikuwa anaitwa Waya. Alikuwa kibarua kwa fundi wa kuchomelea mageti na madirisha, mwembamba kiasi kwamba akisimama kiubavu unampita bila kumsalimia. Wazazi wake walifariki akiwa mdogo, akalelewa kwa zamu: kwa ami yake, kwa shangazi yake, kisha kwa jirani wa shangazi. Popote alipokaa alikuwa wa ziada, sahani yake ikikumbukwa mwisho. Aliwahi kunisimulia kwamba ujanani alitoroka kwa ami yake akalala karakana wiki nzima, akingoja aone nani atakuja kumtafuta. Hakuja mtu. Aliporudi, ami yake alimwambia tu afunge mlango, upepo unaingia. Alinisimulia akicheka. Mimi sikucheka.

Tulipooana, mdogo wangu ndiyo kwanza ameanzisha gym kwenye ghala la zamani nyuma ya mashine ya kusaga. Gym gani, lilikuwa ghala tupu na kioo kimoja chenye ufa. Mume wangu ndiye aliyeijaza. Alileta ekseli za malori mabovu akazifanya vyuma vya kunyanyulia, akatoboa gia kuukuu zikawa uzito, akamimina saruji kwenye mikebe ya rangi. Benchi la kwanza lilitokana na kitanda chetu. Mimi nililala chini mwezi mzima kwa ajili ya afya ya wanaume wa mtaa, na hakuna aliyenishukuru.

Lakini nitasema haki: ghala lile lilimfanya mtu. Mabega yalitanuka, sauti ikatoka, akaanza kutazama watu usoni. Siku moja Kocha alimpiga kofi la mgongo mbele ya wenzake akasema, "Waya amekufa. Huyu ni nguzo." Jina likaganda. Asipofika jioni moja, kesho yake utasikia hodi: "Shemeji, Nguzo anaumwa? Mbona hatujamwona?" Nikijibu kwamba alikuwa na kazi ya geti la watu, nageuka namkuta amesimama nyuma yangu anatabasamu peke yake kama mtu aliyetumiwa salamu kutoka mbali.

Siasa ilikuwako pale, kwani wapi hakuna. Wa chama hiki walikuwako, wa chama kile walikuwako, na Mwalimu, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, alikuwa mpinzani wa kila serikali tangu enzi za babu yake. Wakinyoosha viungo wanabishana mpaka mishipa ya shingo inawatoka. Anayeshindwa hoja anachuchumaa na mkebe wa saruji mabegani, watu wanamhesabia kwa vicheko. Kisha yanaisha. "Chuma hakina chama," Kocha alikuwa akisema, na alikuwa anamaanisha.

Sasa kuna desturi moja ya pale ambayo lazima niieleze. Mtu akilala kwenye benchi kunyanyua chuma kizito, mwenzake husimama nyuma ya kichwa chake, mikono tayari, ili chuma kikimshinda akidake. Aliyelala hawezi kumwona aliye nyuma. Anaona dari tu. Kwa hiyo hagusi kitu mpaka amsikie yule wa nyuma akisema neno moja: "Nipo." Na ukishasimama pale huondoki. Simu na iite, mvua na iingie, hutoki mpaka chuma kirudi nyumbani, yaani kwenye zile pembe mbili za benchi ambazo mume wangu alizichomelea kwa mkono wake. Ukilazimika kutoka, unamgusa mwenzako bega na kusema "natoka". Neno hilo lilikuwa zito kuliko vyuma vyenyewe.

Nyuma ya mume wangu alisimama Kocha, miaka yote. "Shemeji akisema nipo," Nguzo alikuwa akiniambia, "mimi nafumba macho." Nilikuwa namtania kwamba hata siku ya harusi yetu hakunifumbia macho namna hiyo. Moyoni nilifurahi. Mwanamke anataka nini zaidi ya kuona mumewe na ndugu yake wanapendana?

Kisha wakubwa wa chama kimoja wakaja kumchumbia mdogo wangu. Walitaka diwani, na waliona mbali: kijana anayejulikana, ghala limejaa vifua vipana, na maneno mdomoni hayamwishii. Kocha angeweza kumuuzia kipara kitana na kipara akarudi kununua cha pili. Mkutano wake wa kwanza alitafuta maneno ya kufungia hotuba, akayakosa, mwishowe akasema lile alilolizoea: "Mimi si mtu wa mbele yenu. Mimi ni mtu wa kusimama nyuma yenu, mkishindwa nidake. Nipo!" Umati ukaitikia, "Nipo!" Basi ikawa ndiyo hiyo. Baada ya muda mfupi neno lile lilikuwa limebandikwa kwenye kila ukuta, na sura ya mdogo wangu pembeni yake, kakunja mikono kana kwamba anaudai mtaa.

Zikaja fulana nyeupe zenye NIPO kifuani. Mimi ni mshonaji, cherehani yangu iko dirishani kila mtu anaiona, lakini fulana zilishonwa kwingine. Hilo nililimeza. Gumu lilikuwa jingine: wenye fulana wakawa wanapata benchi kwanza, wasio nazo wanasubiri. Mwalimu kila akifika, benchi lina ubovu. Akitoka, limepona. Mwishowe hakuja tena, na hakuna aliyebisha hodi kwake kuuliza kama anaumwa.

"Mwalimu haonekani siku hizi," mume wangu aliniambia jioni moja. Nikamjibu, "Si yuko hapo nyumbani kwake, nenda kamwone." Hakwenda.

Yeye mwenyewe fulana hakuvaa. Si kwa ubishi. Alimwambia Kocha, "Shemeji, fulana nyeupe na kazi ya kuchomelea, wapi na wapi?" Wakacheka wote wawili. Alimwamini hivyo hivyo bila sare.

Siku Mheshimiwa, mkubwa mmoja wa chama hicho, alipokuja kutembelea gym, tuliitwa na akina mama wa mtaa tujaze picha. Nilisimama ukutani karibu na Kinyozi, ambaye kazi yake ni kunyoa lakini riziki yake ni umbea. Waliandaa kila kitu. Mgeni akiingia amkute Nguzo chini ya chuma, picha ipendeze. Walipakia gia mpaka ekseli ikapinda kidogo katikati. Kocha akasema, "Shemeji, jilaze. Nitakwambia." Akasimama nyuma ya kichwa chake, mikono tayari. Nilimwona kwa macho yangu haya mawili.

Nje gari likapiga honi. Mdogo wangu akageuka, akakimbilia mlangoni. Hakumgusa mwenzake bega, hakusema natoka. Mheshimiwa alipotia mguu ndani, Kocha akainua ngumi juu akapaaza sauti, "Nipo!" Ghala zima likaitikia, "Nipo!"

Na mume wangu, macho kwenye dari, akamsikia shemeji yake akisema lile neno alilokuwa akilingoja. Akanyanyua.

Nilipiga kelele, lakini sauti yangu ilizama kwenye makofi. Chuma kilipanda, kikasita, kikashuka kwa upande wa kulia. Mlio wake sitaki kuueleza. Kinyozi na mimi ndio tuliofika kwanza, na nyuma ya benchi hapakuwa na mtu, palikuwa na taulo la Kocha sakafuni. Mheshimiwa alitolewa haraka ili asionekane kwenye picha mbaya. Mdogo wangu alitoka naye.

Mfupa wa mtulinga ulivunjika, nyama za bega zikachanika. Daktari alisema mfupa utaunga lakini mkono ule hautapanda tena juu ya bega kama zamani. Kwa mtu anayechomelea mapaa hiyo si habari ndogo. Mume wangu alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akanigeukia. Hakuuliza habari za mkono.

"Shemeji alikwenda wapi?" aliniuliza. "Nilimsikia."

Nikamweleza. Akasema hana kesi na mtu. Hataki polisi, hataki fidia. Anataka kitu kimoja: Kocha asimame pale ghalani, mbele ya watu wale wale, aseme kwamba alisema nipo na hakuwepo. Basi. Nikaona hata mtoto mdogo angeweza kulitimiza hilo.

Jioni ile ile simu yangu ikalia. Kocha alikuwa ameandika kwenye kundi la gym: "Fundi wetu Nguzo amepata ajali baada ya kunyanyua peke yake kabla ya wakati. Tumwombee apone." Kabla ya wakati! Chini yake watu wamejaza alama za mikono iliyokunjwa. Mmoja aliandika kwamba sifa huponza. Nilitafuta jina la Kinyozi nione ameandika nini. Ameandika, "Pole sana mkuu." Nilipompigia alinong'ona kama mtu aliyejificha chooni: "Shemeji, mimi niliona kila kitu. Siku ya kusema nitasema."

Kocha alikuja nyumbani baada ya siku kadhaa, na alikuja na Mama. Nikajua mara moja Mama ameletwa kuwa ngao.

"Dada, nilikosea," alisema kabla hata hajakaa. "Nilimwacha. Najua."

"Usiniambie mimi. Mimi nilikuwepo. Kawaambie uliowaandikia."

"Nikisema sasa nimekwisha, dada. Neno lenyewe ndilo hilo nililobandika ukutani. Watanicheka mpaka watoto: Nipo, kumbe hayupo."

"Wacha wacheke. Uongo?"

Mama akadaka: "Mwanangu, damu nzito kuliko maji. Msitiri mdogo wako, uchaguzi upite."

"Na huyu aliyelala chumbani, Mama, mishipani mwake inapita chai?"

Mama akavuta kanga yake, akatazama pembeni. Kocha akaanza kulia. Simsingizii, yalikuwa machozi ya kweli. Nikamwona yule mtoto niliyekuwa nikimfuta kamasi kwa ncha ya gauni langu. Akasema, "Jumapili kuna kikao cha wanachama wote wa gym. Nitasema. Haki ya mama yetu aliyekaa hapa." Akaingia chumbani, akamshika mume wangu mkono mzima, akalia tena huko. Nikamsikia mume wangu akimwambia, "Basi shemeji, usilie, yameisha." Aliyevunjika anambembeleza aliyemvunja! Hata hivyo niliamini. Ameapa kwa mama yake na mama mwenyewe anamtazama, ningewezaje kutoamini?

Jumapili nilimpigia mume wangu pasi shati lake la bluu, nikamvalisha, nikamfunga mkono vizuri kwa kitambaa. Njiani alitembea haraka kuliko mimi. Alikuwa na furaha ya mtu anayerudi kwao.

Ghala lilijaa, nyeupe tupu. Walimpisha akae mbele. Mmoja akamletea maji, mwingine akamuuliza mbona wamemmisi hivi, na niliona uso wake unavyofunguka. Kocha akasimama. Akaanza taratibu, kwa sauti ya huzuni. Akasema ajali ya Nguzo imemfundisha jambo. Akasema ndugu yetu alinyanyua peke yake kwa sababu ya moyo mkubwa, kwa kutaka kuipamba siku ya mgeni. Akasema kuanzia leo gym hii inaweka kanuni mpya: hakuna mtu kunyanyua chuma peke yake, na kanuni hiyo itaitwa Kanuni ya Nguzo.

Watu wakapiga makofi. Nilidhani masikio yangu yananidanganya. Mtu amechukua kosa lake, amelivisha nguo mpya, kisha amelipa jina la mume wangu.

Nikasimama. Sijui nilifikaje katikati. "Muongo!" nilisema. "Wewe ndiye uliyekuwa nyuma yake. Ulimwambia ajilaze, ukamkimbia, ukaenda kupayuka nipo mlangoni. Alinyanyua kwa sauti yako. Uliapa kwa Mama kwamba leo utasema, sema!"

Nikamgeukia Kinyozi. "Wewe ulikuwa ubavuni mwangu. Siku ya kusema ndiyo hii." Kinyozi alikuwa amevaa fulana, mpya kabisa, bado ina mikunjo ya kutoka kwenye mfuko. Akakuna shingo. "Shemeji," akasema, "siku ile kulikuwa na watu wengi. Mimi nilikuwa natazama mlangoni."

Mdogo wangu hakunitazama mimi. Alimtazama mume wangu, akasema kwa upole, "Dada ana uchungu, na ni haki yake. Lakini mwenyewe si yupo hapa? Shemeji, tuambie. Ukisema nilikuwa nyuma yako, mimi leo leo najitoa kwenye uchaguzi."

Watu wote wakamgeukia mume wangu. Nilipumua. Nikajiambia, Mungu si wa mtu mmoja, mjinga kajifunga kamba mwenyewe. Mume wangu aliinuka polepole akishikilia kile kitambaa. Aliwatazama waliomzunguka, mmoja mmoja, wale waliokuwa wakibisha hodi kwangu kuuliza kama anaumwa. Mimi alinitazama mwisho, na si kwa muda mrefu.

"Mke wangu msimlaumu," alisema. "Alishtuka sana siku ile. Mimi nilikuwa peke yangu."

Makofi yaliyolipuka hapo hata Mheshimiwa hakuyapata. Wakamkumbatia kwa uangalifu wasimguse bega. Wakaita, "Nguzo! Nguzo!" Ikatolewa fulana, ya saizi yake, ilikuwa imeshaandaliwa. Kocha na Kinyozi wakamvisha juu ya shati nililolipiga pasi, wakaupitisha ule mkono mbovu taratibu kama wanamvisha mtoto mchanga. Alikunja uso kwa maumivu na papo hapo anacheka. Mimi bado nilikuwa nimesimama katikati ya ghala. Watu walipita kandokando yangu wakienda kumpongeza, na mwanamke mmoja aliniambia pole, kwa sauti ile wanayoambiwa wagonjwa wa akili.

Tulirudi nyumbani bila kusemezana mpaka tulipofika kwa Mwalimu. Mlango wake ulikuwa wazi, yuko ndani anasahihisha madaftari. Hapo ndipo nilipomuuliza.

"Kwa nini?"

"Ukweli tunaujua mimi na wewe. Nikiusema kule, kesho siendi tena. Na nisipokwenda kule," alisema, "nani ataniulizia?"

"Kwani mimi ni nani?"

"Wewe ni mke wangu," alisema, kana kwamba hilo halihesabiki.

Nimeshonea watu nguo za harusi na za msiba, nimeolewa, nimezaa, nimezika baba. Sikuwahi kuumia kama nilivyoumia kwa maneno yale manne. Mdogo wangu aliniongopea, sawa, ni mwanasiasa sasa, ndiyo kazi. Lakini huyu nilimpigania mbele ya watu, na yeye akanifanya mwendawazimu ili wao wasimwache.

Nyumbani alikaa kitandani. Nilimsikia akihangaika, pumzi inamtoka puani. Fulana ilikuwa imembana, na mkono hauwezi kupanda kuitoa.

"Mke wangu," aliita. "Njoo univue."

Nilisimama mlangoni nikamtazama, yule mtu mkubwa, NIPO kifuani kwa herufi nyeusi.

"Aliyekuvisha na akuvue," nikamwambia. Nikatoka kwenda kuanua nguo kwenye kamba. Aliniita tena mara moja. Usiku ule alilala na ile fulana.